Upande Mmoja Uachwe Wazi

Ijumaa, 1 Juni

Tangazo limebandikwa mlangoni posta, gundi nyingi mpaka karatasi imekunjamana. Bei nafuu ya machapisho inakoma tarehe thelathini mwezi huu. Baada ya hapo kitabu kitalipiwa sawa na kiatu au sufuria. Nimelisoma mara mbili, watu wakinipita. Nikapiga hesabu ya rafu za Baba kichwani: nne, zimejaa, na vingine chini ya kitanda.

Kwa hiyo ni mwezi huu au basi tena. Baba alisema vitabu ni vya mdogo wangu. Alisema akiwa kitandani, na Shangazi alisikia. Miezi saba sasa navipangusa vumbi tu. Sababu ninayo, ila leo siandiki sababu. Nina sare kumi na mbili za shule za kupiga pindo.

Jumatatu, 4 Juni

Kifurushi cha kwanza — kimerudi nyumbani na mimi!

Vitabu vinane, karatasi ya kaki, kamba ya katani. Nilikifunga pande zote, mafundo matatu. Dirisha la tatu yupo mama mmoja wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, mizani ya chuma mbele yake. Hakukipima hata. Alikigeuza, akakigeuza tena, kisha akanyoosha kalamu kwenye masharti yaliyobandikwa kwenye kioo. Kisizidi kilo tano. Machapisho tu. Kisiwe na barua binafsi. Upande mmoja uachwe wazi ili karani aweze kukagua.

Kumbe! Miaka yote nikimwona Baba anaacha vifurushi vyake wazi upande mmoja, nikidhani ni ubahili wa karatasi. Habari ya barua niliijua, alikuwa akiisema kila mara: usitie barua humo. Habari ya upande wa wazi sikuijua kabisa.

Nikamwambia vitabu vitachomoka njiani. Akasoma jina la ukoo kwenye kifurushi, akasema vya yule mzee wa kujalidi vitabu havikuwahi kuchomoka. Akataka kujua ni nani wangu. Baba yangu, nikasema. Akauliza mbona siku hizi haji mwenyewe.

Nikamwambia.

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Akanipa pole. Kisha akanirudishia kifurushi. Pole ni pole, masharti ni masharti! Nimempa jina: Bibi Mizani.

Jumanne, 5 Juni

Leo kimekwenda. Nusu saa nzima lakini.

Bibi Mizani hakuvutiwa na mafundo yangu. Eti Baba alikuwa na fundo lake: unavuta ncha moja, kamba yote inaachia, unakagua, unavuta ncha ya pili, kifurushi kinajifunga. Makarani walimpenda kwa hilo. Mimi wamenikatia kamba kwa mkasi, nikafunga upya pale pale kaunta, watu wa foleni wakihema mgongoni. Mmoja akauliza kama mimi nahamia hapo dirishani.

Fundi wa nguo mzima, nimeshindwa na fundo! Nimerudi nyumbani nikakaa na kipande cha kamba mpaka chai ikapoa. Mikono ya Baba naiona vizuri: kidole gumba juu, kamba inazunguka chini. Halafu? Halafu sijui. Nilikuwa naangalia siku zote bila kutazama.

Shangazi ananitazama kutoka kwenye kiti chake. Anauliza nini hicho, nataka kujinyonga au kufunga mbuzi?

Alhamisi, 7 Juni

Nimegundua Bibi Mizani anakagua vipi. Kwanza vidole viwili ndani ya ule upande wa wazi. Kisha anatoa kila kitabu, anakishika kwa mgongo, kurasa chini, anakitikisa. Chochote cha siri kinaanguka.

Leo vimeanguka: tikiti ya basi, jani kavu, risiti ya viatu, nusu ya kitambulisho cha maktaba, na — sikuamini — kijiko cha chai! Kijiko hicho tulikitafuta mwaka mzima. Shangazi alimtuhumu jirani.

Baba hakuwa na alama ya kitabu ya maana. Akikatizwa anachukua kilicho karibu, anakitia kwenye ukurasa, anainuka. Ilibidi nimweleze Bibi Mizani, maana alikuwa amekishika kijiko hewani akinisubiri. Nikamwomba hivi vitu viende pamoja na vitabu. Akafikiri. Tikiti si barua, akasema. Jani si barua. Kijiko si chapisho. Kijiko nimerudi nacho.

Lakini alama zimeshaanguka. Ukurasa gani, hakuna ajuaye. Nadhani aliona nilivyolishika lile jani, kwa sababu kitabu cha mwisho hakukitikisa. Alikifungua akapekua ukurasa kwa ukurasa, polepole, foleni yote ikisubiri.

Dirisha la kwanza yupo kijana wa kugonga mihuri. Gonga, gonga, gonga, hata hatazami. Namwita Bwana Gonga. Foleni yake inakwenda mbio. Ningeweza kwenda kwake, na siku moja nilikwenda kwake. Lakini sasa nimeshikwa na hamu ya kujua Bibi Mizani atakutana na nini tena.

Jumapili, 10 Juni

Basi niandike sababu. Daftari hili halisomi mtu.

Baba alipoanza kuumwa, Oktoba, alikataa nimpigie mdogo wangu telegramu. Telegramu ni ya msiba, alisema, utamtia mwenzio wazimu bure. Simu ya shule anakofundisha ilikufa zamani. Baba alikuwa amemfungia kitabu cha mwezi kama kawaida yake, akanituma posta. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja: Baba hali si nzuri, njoo kabla mwezi haujaisha, usimwambie nimekwambia. Nikaitia kwenye bahasha. Kisha, badala ya kununua stempu, nikaisokomeza ndani ya kifurushi kupitia ule upande wa wazi. Kulikuwa na foleni, nilikuwa na haraka, na ndiyo, nilitaka kuokoa hela ya stempu. Nikaenda dirisha la kwanza. Gonga. Kikapita.

Hakuja. Hakujibu. Baba akafa Novemba, tarehe nne. Hapo ndipo nikapiga telegramu. Alifika siku tatu baada ya mazishi, viatu vimejaa tope, na neno lake la kwanza, sebule imejaa majirani, lilikuwa: Dada, kwa nini hukuniandikia kwamba anaumwa?

Nikamwambia nimekuandikia. Akasema hakupata barua. Nikamwita mwongo. Mbele ya watu wote wale. Nikaongeza kwamba hakumpenda Baba, ndiyo maana amekuja kula tu. Alitazama viatu vyake. Alfajiri alikuwa ameshaondoka.

Kitabu akipate, barua iliyo ndani yake asiipate? Haiwezekani! Ndivyo nilivyojiambia siku zote, na bado najiambia.

Jumatano, 13 Juni

Kifurushi cha tano. Bibi Mizani leo mchangamfu, kaniuliza kama kijiko kimefika salama nyumbani.

Nikamuuliza swali langu, kwa udadisi tu. Huyu kijana wa dirisha la kwanza hakagui, sivyo? Akacheka. Huyo anagonga hata mkono wake mwenyewe, akasema. Ndiyo maana jioni, milango ikishafungwa, vifurushi vyote vya bei nafuu vinaletwa kwangu. Navikagua upya, vyote.

Vyote?

Vyote. Miaka kumi na tisa.

Na vikikutwa na barua? Kifurushi kizima kinakaa ghalani, akasema, barua haifunguliwi, na mpelekaji anaandikiwa kadi aje. Asipokuja ndani ya miezi sita, tanuri.

Alinipa risiti nikaiangusha. Niliinama kuiokota nikakaa chini muda mrefu kidogo kuliko unaohitajika kuokota risiti.

Alhamisi, 14 Juni

Sikupata kadi. Sikupata kadi yoyote! Kwa hiyo barua ilipita.

Nimeshona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto. Mtoto wa watu angevaa sare inayotazama nyuma.

Jumatatu, 18 Juni

Mawili ya furaha.

La kwanza: fundo! Limekuja lenyewe nikiwa nafikiria jambo jingine. Kidole gumba juu, kamba inazunguka chini, halafu — ndicho nilichokuwa sikioni — inarudi ilikotoka. Nimelifunga na kulifungua mara ishirini. Shangazi naye kavuta ncha, kamba ikaachia, akapiga kelele ya furaha, akaniambia nimfungie tena. Bibi Mizani alivuta ncha, akavuta nyingine, akaniangalia juu ya miwani. Aliwaita makarani wawili wa nyuma waje waone.

La pili: nimemuuliza kifurushi kisipochukuliwa kinafanywaje. Kinarudi kwa mpelekaji baada ya siku kumi na mbili, gharama juu yake. Kifurushi cha kwanza kilikwenda tarehe tano. Leo ni ya kumi na tatu tangu kiondoke. Hakijarudi! Huenda kimechelewa tu njiani. Lakini huenda kuna mtu kule anakwenda posta, anatia sahihi, anabeba vitabu vya Baba nyumbani kwake. Ananikasirikia na anavibeba. Nataka sana kujua anavipanga wapi.

Rafu zimebaki moja na nusu. Na kile cha kando ya kitanda.

Hicho sijakigusa. Baba alikuwa akikisoma wiki ile ya mwisho aliyoweza kusoma. Shangazi anasema vyote ni vyote. Nitakipeleka kesho, nisije nikakiacha kwa sababu ya kukitamani.

Jumanne, 19 Juni

Sijui nianzie wapi.

Kifurushi cha nane, kile kitabu kikiwa juu kabisa. Bibi Mizani siku hizi hatikisi, anapekua. Alifika katikati, akasimama. Kulikuwa na kadi kati ya kurasa. Kadi ya rangi ya waridi, ndogo. Akaitoa, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

Hii ni yetu, akasema.

Sauti yake haikuwa ya dirishani. Akaipitisha chini ya kioo. Jina la Baba — maana kifurushi kile cha Oktoba kilikuwa na jina la Baba kama mpelekaji, si langu. Tarehe, ishirini na mbili Oktoba. Kifurushi chako kimezuiliwa kwa kukutwa na barua binafsi. Tafadhali fika dirisha namba tatu. Na chini, mwandiko wa mviringo ambao nimeuona kwenye risiti zangu zote mwezi huu.

Nikasema, wewe ndiye uliyeizuia barua yangu. Nilisema kwa sauti. Nikasema mambo mengine pia. Nilimwambia kwamba mtu alikufa, na mtu mwingine alikuwa anasubiriwa, na yeye alikaa hapa na miwani yake akisoma masharti.

Hakujibu ukali kwa ukali. Alisema: Mama, mimi niliandika kadi. Nikangoja. Mzee wako hakuwahi kushindwa kuja.

Kisha akageuza kile kibao chake cha "DIRISHA LIMEFUNGWA", saa nne asubuhi, akaenda nyuma. Alirudi akasema mtunza ghala yuko likizo hadi kesho na funguo anazo yeye. Miezi sita imeshapita, akasema, hataki kunidanganya. Lakini nije.

Kadi ninayo. Ukurasa wa mia moja na arobaini na moja. Niliwahi kuisoma namba kupitia kioo kabla hajaitoa. Sentensi ya mwisho ya ukurasa imekatika katikati na inaendelea upande wa pili. Sijageuza.

Jumatano, 20 Juni

Kipo!

Mtunza ghala ni mzee mrefu mwenye koti la bluu, anatembea akiburuza mguu mmoja. Alinipeleka mwenyewe nyuma, Bibi Mizani akitufuata. Chumba kina rafu za chuma mpaka darini, kila kitu na kibandiko. Kofia, fimbo ya kutembelea, katoni ya vitasa vya milango. Ningekaa humo siku nzima nikiuliza hiki cha nani na kile cha nani.

Alikitoa rafu ya chini, nyuma ya ndoo. Kilitakiwa kuchomwa Aprili, alisema. Alikishika mara mbili akipeleke tanuri. Lakini lile fundo analijua, mwenye fundo lile hajawahi kuacha kitu chake posta. Akajiambia mzee kasafiri tu. Akakisogeza nyuma ya ndoo ili mkaguzi asikione.

Vumbi juu. Upande mmoja wazi. Nikaingiza vidole viwili, kama anavyofanya yeye, na bahasha yangu ilikuwa pale pale nilipoisokomeza.

Kwa hiyo hakupata. Barua wala kitabu. Alisimama sebuleni na tope viatuni akasema jambo la kweli tupu, na mimi nikamwita mwongo.

Nililia pale ghalani, nakiri. Mtunza ghala alinipa kiti kilichopotea cha mtu fulani. Bibi Mizani alisimama karibu na mlango akikunja na kukunjua kibandiko. Mwishowe akaniuliza, polepole, ilikuwa imeandikwa nini. Miaka kumi na tisa hajawahi kuuliza mtu swali hilo, alisema. Nikamwambia. Naye akakaa, juu ya katoni ya vitasa.

Nilimwomba radhi kwa jana. Alisema laiti angejua. Nikamwambia angejuaje, barua haifunguliwi.

Alhamisi, 21 Juni

Nimemwonyesha Shangazi kadi. Anaikumbuka! Mpeleka barua aliileta mimi nikiwa sokoni. Baba akaisoma, akacheka mpaka akakohoa. Shangazi akamuuliza kuna nini. Akasema ana la kumwambia dada mtu akirudi, amemfuma. Akaitia kitabuni.

Jioni ile nilirudi kwa kuchelewa. Alikuwa amelala. Kesho yake asubuhi ulimi ukawa mzito na hakusema tena neno la kueleweka.

Alicheka. Nimemfanya Shangazi anisimulie mara tatu alivyocheka.

Jumapili, 24 Juni

Bahasha ya Oktoba iko mezani, sijaifungua. Ina jina la mdogo wangu kwa mwandiko wangu. Kadi ya waridi ina tarehe na muhuri wa posta.

Nilipata wazo jana nikalifurahia: nimpelekee hivi viwili tu. Barua na kadi, bila neno. Ataona mwenyewe kwamba niliandika. Tarehe inasema! Posta ndiyo iliyoizuia, si mimi.

Nimelala na wazo hilo, nimeamka nalo, na sasa silipendi. Nalichungulia kila upande kujua limeoza wapi. Limeoza hapa: linanisafisha mimi. Yeye hakuuliza kama niliandika. Aliuliza kwa nini hakuambiwa. Na jibu ni kwamba nilibana hela ya stempu moja, nikachagua dirisha la mtu asiyetazama, kisha nikamtukana yeye mbele za watu.

Hayo hayamo kwenye bahasha ya Oktoba. Inabidi yaandikwe.

Nimeandika "Mdogo wangu mpendwa" nikafuta mpendwa. Nikairudisha. Nikachana.

Jumatano, 27 Juni

Vifurushi viwili vimekwenda. Kile cha Oktoba na kile kitabu cha kando ya kitanda nimevizuia nyumbani, vitakwenda pamoja mwisho kabisa. Bibi Mizani anauliza swali lake la kila siku: barua imo ndani? Haimo, nasema. Leo alikawia kidogo kabla ya kugonga muhuri.

Akauliza: na itakuwemo lini?

Nimemwambia anisamehe, nina foleni nyuma yangu. Hakukuwa na mtu nyuma yangu.

Ijumaa, 29 Juni

Karatasi sita zimechanwa. Naandika vizuri mpaka nifike sebuleni. Nikifika kwenye lile neno nililomwita, mkono unaanza kueleza: nilikuwa na uchungu, sikuwa nimelala siku nne, ilikuwa hivi na vile. Kweli tupu, na haina faida.

Shangazi amenitazama muda mrefu. Akasema nikiandika ndefu sana ataona ni hesabu ya duka.

Hakuna kilichorudi kutoka kwake. Vifurushi kumi na kimoja, na hakuna hata kimoja kilichorudi. Bibi Mizani ananitafutia kila asubuhi kwenye rafu ya vilivyorudi bila mimi kumwambia.

Jumamosi, 30 Juni

Posta. Meza ya pembeni, ile yenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nimekuja na daftari kwa sababu ndani yake ndimo zimo karatasi safi za mwisho nilizonazo.

Wanafunga saa sita. Saa ya ukutani inasema sita kasoro ishirini. Umati! Watu wote wamekumbuka leo kwamba wana vitabu. Bwana Gonga anagonga mpaka meza inaruka.

Kifurushi kiko mbele yangu. Kile cha Oktoba, na kitabu cha Baba, kadi imerudi ukurasa wa mia moja na arobaini na moja. Na bahasha ya zamani, imefungwa vile vile. Fundo safi. Upande mmoja wazi bado.

Nimemuuliza Bibi Mizani, kikiwa na barua kinakuwaje? Bei kamili, akasema, na pande zote zinafungwa, hakuna anayekagua. Akanipa kipande cha karatasi ya kaki na brashi ya gundi kutoka chini ya kaunta. Nahisi alikuwa navyo tayari. Akaniambia nisimame pembeni nimalize, atanihesabu wa mwisho.

Kasoro kumi na mbili. Nimeandika:

"Mdogo wangu. Hukusema uongo. Barua niliyokuambia niliituma haikuwahi kutoka hapa. Niliificha ndani ya kitabu ili nisilipe stempu, ikazuiliwa. Baba alijua, akacheka. Utaikuta humu. Nilikuita —"

Hapo. Kila mara ni hapo hapo.

Kasoro saba. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kisha mzee mwenye katoni, kisha mimi. Mtunza ghala amekuja kusimama mlangoni na funguo. Ananitazama na kujifanya anatazama saa.

Nimeliandika lile neno. Lote, kama nilivyolisema, na majirani waliokuwepo, na kwamba alitazama viatu vyake. Sijaeleza kitu. Lakini sasa inaonekana mbaya sana hapo kwenye karatasi, na sijui kinachofuata ni nini. Msamaha unaombwa kwa sentensi gani? Nimeshona nguo za watu nusu ya mji na sijui.

Kasoro mbili. Mzee wa katoni amemaliza.

Bibi Mizani ameugonga muhuri wa mwisho wa bei nafuu, ameuweka kando, amefungua droo akatoa mwingine. Ananiita kwa kidole. Anauliza, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, barua imo ndani?

Ninayo mkononi. Brashi ya gundi imeanza kukauka. Nimemwonyesha kidole kimoja, angoje, sentensi moja tu —